Maji ya mvua Arusha: mwongozo kamili kuanzia kwenye bati hadi mtoni

Mji wa Arusha umekaa kwenye mteremko, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kabla hujashika jembe. Maji yanayoanguka upande wa kusini wa Mlima Meru yanashuka kwa mito ya Themi, Naura, Ngarenaro, Goliondoi na Kijenge, yanakatiza katikati ya makazi na masoko, kisha yanatokea kusini. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unayafikisha Bahari ya Hindi. Oili iliyomwagwa nyuma ya gereji haipotei. Inapitia kwanza kwenye bustani za mboga zilizo kando ya mto, kwenye mchicha na figiri tunazonunua sokoni, halafu inaendelea na safari.

Kila masika, Machi hadi Mei, na kila vuli, Oktoba hadi Desemba, tunasikia wito uleule: mitaro izibuliwe. Ni wito mzuri, ila unaanzia mwisho. Mtaro unapokea tu kile ambacho bati, uwanja, choo na biashara zetu zimeukabidhi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia juu na kushuka. Ni wa mwenye nyumba, wa mpangaji anayeweza kuongea na mwenye nyumba wake, na wa kamati ya mtaa.

Anza kwa kuyatazama maji

Usimwite fundi kabla hujasimama nje mvua ikinyesha. Vaa mabuti, chukua mwavuli na vijiti kadhaa. Tazama maji yanaingilia wapi kwenye kiwanja chako, yanatuama wapi, yanatokea wapi, na yana rangi gani. Chomeka kijiti kila sehemu ya maana. Mvua ikikatika, chora ramani kwenye karatasi: nyumba, choo, kisima kama kipo, miti, geti, na mishale ya maji.

Rangi inaeleza mengi. Maji ya kahawia yanabeba udongo, maana yake kuna sehemu iliyo wazi inayomong'onyoka. Yenye utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua yana mafuta au oili. Ya kijivu yenye povu ni ya kufulia au ya jikoni. Ukisikia harufu ya choo, acha mengine yote na uruke hadi sehemu ya choo hapa chini, kwa sababu hiyo haingoji.

Kwenye bati

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina eneo la mita 80 za mraba (pima chini ardhini, si kwa kufuata mteremko wa bati). Mvua ya milimita 40 inakuletea lita 3,200. Ukitoa yanayoruka na yanayobaki kwenye bati, unapata karibu 2,700. Nyumba kumi za namna hiyo zikiachia maji yote barabarani kwa mkupuo, ni lita 27,000, karibu maboza matatu ya lita 10,000, yanayomfikia jirani wa chini ndani ya saa moja au mbili. Sasa zidisha kwa mtaa mzima, halafu mtaa kwa kata. Mafuriko ya kule chini yanatengenezwa hivyo.

Kwa hiyo funga gata. Iwe na mteremko wa nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita, na vishikizo visiachane zaidi ya sentimita 60, la sivyo inalegea katikati na maji yanamwagika ukutani. Ukingo wa bati uingie ndani ya gata kidogo tu. Mafundi wengi huliweka gata chini mno, na mvua kubwa ikija maji yanalirukia. Kabla hujalipa hela ya mwisho, mwagia bati maji kwa ndoo ujionee.

Sasa tenki. Wengi wanaacha kuvuna maji wakiamini bila tenki la lita 10,000 hakuna maana. Si kweli. Familia ikitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, tenki la lita 3,000 lililojaa mwishoni mwa Mei linaifikisha karibu mwisho wa Oktoba. Kwetu Arusha hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vina madini ya floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatokana na hayo. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kuongezeka ukali. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Mama mwenye mtoto ambaye meno ya utu uzima bado yanajijenga afikirie tenki kabla ya kufikiria pevingi za uwanjani.

Maji ya kwanza ya mvua yasiingie tenkini. Yanaosha vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Tenga milimita 1 ya mwanzo: kwa paa la mita 80 za mraba ni lita 80, yaani pipa moja la lita 100 linatosha. Bomba la inchi 4 likishuka kutoka kwenye gata, weka tii, kiungo cha bomba chenye njia tatu. Mkono mmoja ushuke kwenye pipa lililofunikwa vizuri, mwingine uende tenkini. Pipa likijaa, maji yanageukia tenki yenyewe. Chini ya pipa weka koki, uifungue kidogo ivuje polepole ili pipa liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Baadhi ya mafundi huweka kipande cha bomba kilichozibwa badala ya pipa, lakini bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 tu kwa mita. Kwa nyumba kubwa hiyo ni kujidanganya.

Mdomo wa tenki uwe na wavu wa mbu. Lisafishe mara moja kwa mwaka, Februari ni mwezi mzuri. Maji ya kunywa yachemshwe bado, maana ndege hawana adabu. Na bomba la kutolea maji tenki likijaa lielekezwe bustanini au kwenye shimo la kunyonya maji, lisimwage kwenye msingi wa nyumba.

Uwanja usizibwe wote

Siku hizi mtu akimaliza nyumba anaweka pevingi kuanzia ukutani hadi getini. Inapendeza na tope linaisha, lakini maji yaliyokuwa yanazama ardhini sasa yote yanatoka nje ya geti. Udongo wa volkano wa maeneo ya juu, kama Sakina na Moshono, unakunywa maji vizuri ukiachiwa nafasi. Weka pevingi njia ya gari na njia ya miguu tu. Kwingine panda nyasi, miti, migomba. Kama lazima uweke pevingi, ziachie mianya ya kokoto ndogo, na chini yake weka tabaka la kokoto, usimwage zege.

Kuzunguka msingi, ardhi iteremke kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili za mwanzo. Baada ya hapo kazi inageuka: unataka maji yaende taratibu. Kwenye kiwanja chenye mteremko chimba makinga maji yanayofuata usawa wa ardhi. Usawa unaupata kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Watu wawili washike ncha, maji yakitulia ncha zote mbili zina kimo kimoja. Mtaro wa makinga uwe na kina cha sentimita 30 hivi, udongo utupwe upande wa juu kama wanavyofanya wakulima wa fanya juu, na tuta lipandwe mabingobingo au vetiva. Mabingobingo unakata unampa ng'ombe. Vetiva mizizi yake inashuka chini sana na kushika udongo kuliko nyasi yoyote ninayoijua.

Shimo la kunyonya maji: pima kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fundi mmoja nilimsikia akimwambia mwenye nyumba pale Sombetini: "Mzee, nikikuchimbia hapa utanilaumu masika. Udongo huu haunywi." Mzee akataka achimbe tu. Fundi akachukua ndoo, akamwaga maji kwenye shimo dogo, wakasubiri. Maji yalikaa palepale kama yamo kwenye sufuria. Mzee akakubali kuhamia upande mwingine wa kiwanja.

Fanya kama fundi yule. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha kama mita moja. Lijaze maji, liache linywe hadi kesho yake ili udongo ushibe. Lijaze tena, simamisha rula au kijiti chenye alama, upime maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka zaidi ya sentimita 2.5, endelea. Yakishuka chini ya 1.5, acha, chagua tenki kubwa zaidi, bustani ya bondeni, au mtaro mzuri. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika, unaoupata ukishuka tambarare, karibu kila mara utakataa.

Kipimo cha pili ni ujazo. Shimo la mita moja kwa moja kwa moja ukilijaza mawe, nafasi inayobaki kwa maji ni karibu theluthi moja hadi asilimia 40, yaani lita 330 hadi 400. Paa letu la mita 80 za mraba linalijaza kwa milimita 5 za mvua. Usishangae basi shimo la jirani likifurika mvua ikiwa bado changa. Shimo linasaidia mtaro, linasaidia tenki, lakini peke yake halimalizi kazi.

Likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, mbali na choo, na mita 30 kutoka kisimani. Usilichimbe ukingoni mwa korongo wala juu ya ukuta wa jirani, maana udongo ukilowa unateleza na ukuta unaondoka nao. Kabla ya shimo weka chemba ndogo ya kunasa mchanga na majani, yenye mfuniko unaoinuka kwa mkono mmoja. Chemba isiyosafishwa, shimo linakufa ndani ya misimu michache.

Choo

Nitasema wazi: kutapisha choo mvua inaponyesha ni kumlisha jirani kinyesi. Kila mtu mtaani anajua nani anafanya hivyo na saa ngapi, na kila mtu ananyamaza. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vinasafiri na maji hayo, vinaingia kisimani, kwenye ndoo, kwenye mikono ya watoto wanaocheza mtaroni. Nyamazeni kwa mengine, hili lisemwe.

Choo kinyonywe kiangazi, wakati gari linafika na shimo halijachanganyika na maji ya mvua. Bei ya kunyonya ukiigawanya kwa wapangaji wote wa nyumba na kwa miezi iliyopita tangu mara ya mwisho, ni ndogo kuliko hela ya vocha. Uliza dereva anapeleka wapi. Jibu sahihi ni moja tu, mabwawa ya majitaka ya mamlaka ya maji, AUWSA.

Kujua kama tenki la choo limejaa tope, huhitaji kulinyonya kwa kubahatisha. Chukua fito ndefu, izungushie taulo jeupe kuukuu kwenye mita moja ya chini, ifunge kwa kamba. Izamishe taratibu hadi iguse sakafu, subiri dakika chache, uivute polepole. Sehemu iliyoshikwa na tope itatoka nyeusi, na mstari wake unaonekana wazi kwenye kitambaa. Weusi ukifika theluthi moja ya kina cha maji, ita gari. Vaa glavu, usiiname juu ya mdomo wa tenki, usiwashe kiberiti, na mfuniko usiachwe wazi hata dakika moja watoto wakiwa karibu.

Choo cha shimo kiinuliwe sentimita 30 juu ya uwanja na kizungushiwe tuta dogo, ili maji ya mvua yasiingie. Na kamwe maji ya bati yasiunganishwe kwenye tenki la choo wala kwenye bomba la majitaka la AUWSA. Yakiingia kwenye tenki yanasukuma tope nje. Yakiingia kwenye bomba, chemba za mtaa wa chini zinafumuka, na majitaka yanatembea barabarani mchana kweupe.

Mtaro ulio mbele yako

Usafishe mara mbili kwa mwaka kabla ya mvua: Februari na Septemba. Kinachotoka ukiinua mfuniko wa kalavati kinafanana kila mahali: chupa za plastiki, magunzi, viatu vya kandambili, vifuko laini vya karanga na barafu, na chini yake mchanga mweusi mzito kuliko vyote. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na tofauti inaonekana, lakini chupa na vifungashio bado vipo.

Tope mlilotoa liondolewe siku hiyohiyo. Tunazoea kulirundika ukingoni na kuondoka, na mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kama hamna hela ya gari siku hiyo, ahirisheni kazi hadi mwipate.

Rundo la mchanga au kifusi cha ujenzi lifunikwe turubai na lizungushiwe mawe. Kalavati la kuingilia kwako lisiwe na bomba jembamba kuliko mtaro wenyewe. Nyumba moja yenye bomba la inchi 6 inafurisha mtaa mzima wa juu yake.

Kwa wenye biashara

Gereji: oili chafu iingie kwenye dumu lenye mfuniko na iuzwe au ikabidhiwe kwa wanaokusanya. Ikimwagika, mwagia maranda, subiri yanywe, zoa. Usioshe kwa sabuni kuelekea mtaroni, maana sabuni inasaidia oili kusafiri mbali zaidi. Betri zisimame juu ya sakafu iliyoezekwa.

Mama ntilie na migahawa: futa sahani na sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na jenga chemba ya kunasa mafuta. Maji yaingie upande mmoja, yatokee upande wa pili kupitia bomba lililopinda chini, mafuta yabaki yakielea juu. Yaondoe kila wiki.

Kuosha magari na bodaboda ndani ya mto kuachwe kabisa. Sogea juu, weka sakafu ya zege, chemba ya mchanga, kisha chemba ya mafuta. Wauza mbogamboga sokoni wanahitaji kitu kimoja tu: mapipa ya taka yanayobebwa kila jioni, na hilo ni jukumu la uongozi wa soko.

Kingo za mito na makorongo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayenunua kiwanja kando ya Naura au Themi kwa sababu ni rahisi, apime mita hizo kabla ya kutoa hela. Korongo kavu nalo lina mwenyewe. Litapata maji siku moja, hata kama mwaka huu na mwaka jana halikupata.

Mlio tayari kando ya korongo, msitupe taka wala kifusi humo mkidhani mnaliziba. Pangeni vizuizi vidogo vya mawe kukatiza korongo, vya kimo cha magoti, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo na yasile kingo. Kingo zipandwe mabingobingo na miti. Korongo kubwa linahitaji gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, na mhandisi. Hapo nguvu ya mtaa haitoshi.

Nani aambiwe nini

Malalamiko yakienda ofisi isiyohusika yanafia hapo. Mitaro ya barabara za mitaani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ya barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Bomba la majitaka lililopasuka ni la AUWSA. Taka na choo kinachotapishwa, anza na mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata. Kiwanda au biashara inayochafua mto, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Andikeni barua moja ya mtaa yenye picha, tarehe na saini nyingi, mkabidhi nakala mbili na mgongewe muhuri kwenye ya kwenu. Mwenyekiti wa mtaa akiambatana nanyi, mlango unafunguka haraka.

Siku ya mvua kubwa

Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua inaweza kuwa inanyesha mlimani huku kwako jua linawaka, na korongo likaja ghafla. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji kwenye korongo kule Muriet na watoto wakapoteza maisha. Baada ya hapo sidhani kuna mzazi au dereva wa Arusha anayehitaji kubembelezwa. Ukifika kwenye maji yanayokatiza barabara na huoni lami, simama. Wazazi wakubaliane na shule kabla ya masika kwamba siku ya namna hiyo basi halivuki, na mtoto akichelewa hakuna wa kumlaumu dereva. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Maji yakiingia ndani, zima umeme kwenye meni swichi kama unaifikia ukiwa mkavu. Kama sivyo, toka.

Yakishaondoka, vaa mabuti na glavu kabla ya kushika tope, kwa sababu lina kila kilichokuwa chooni na gerejini. Maji ya kisima kilichofurikwa msiyanywe hadi kisafishwe na kutiwa dawa. Ya bomba yachemsheni hadi yatokote kwa dakika nzima. Mboga za bustani iliyofunikwa na maji hayo zisiliwe mbichi, na kachumbari isubiri. Godoro lililolowa maji ya mtaro litupwe kwenye gari la taka. Mtu akianza kuharisha maji maji, mpeni maji ya chumvi na sukari au ORS njiani huku mkimkimbiza kituo cha afya saa hiyohiyo.